Namna ya Kufanya Utafiti kwa Haki Pamoja na Watwa wa Uganda

Kabla ya kuandika swali lako la utafiti, nenda wilaya ya Kisoro au Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, ukae na Watwa wenyewe, wenyeji wa asili wa misitu ya huko, na uwasikilize, kwa kuwa swali lililokamilika mjini huwaachia kazi ya kujibu tu. Mwaka 1991, misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa, watu hawa walitolewa humo, na wengi hawakupata ardhi wala fidia. Mtafiti asiyeijua habari hiyo hastahili bado kuwauliza lolote kuhusu msitu.

Pata idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, kisha usajili utafiti wako katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Hati hizo hukuruhusu kuomba ridhaa ya jamii; haziwi badala yake. Wala usitosheke na ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji, ambaye mara nyingi hutoka kwa majirani Wakiga au Wafumbira.

Hapo kwenye ridhaa ndipo pa kukaa muda mrefu. Waache Watwa wamchague mkalimani, maana familia nyingi hulima vibarua katika mashamba ya majirani, na mama anayetafsiriwa na mwenye shamba hawezi kusema atakalo. Eleza kwa mdomo, katika lugha ya hapo, utachukua nini, utakipeleka wapi na nani atanufaika; kisha ondoka, uwape siku kadhaa za kushauriana bila wewe kuwapo. Alama ya dole gumba iliyopatikana kwa haraka mimi siihesabu kuwa ridhaa. Taja mapema malipo ya kufidia kibarua cha siku hiyo, nawe umlipe hata atakayejitoa katikati ya mazungumzo.

Ukiuliza kuhusu dawa za miti shamba, kubalianeni kwa maandishi juu ya mgawanyo wa faida kabla ya kuchukua jani lolote, kama inavyotakiwa na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa juu ya kugawana kwa haki faida za mimea na viumbe wengine, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 2014. Mzee akisema jambo fulani lisiandikwe, lifute mbele yake.

Kabla ya kuchapisha, rudi na matokeo, uyasome kwa sauti mbele ya wote, usahihishe wanachokikataa, na uwaulize nani atajwe kwa jina. Nakala ya sauti ulizorekodi ibaki kwa mtu waliyemteua wenyewe kuitunza.