Liva ya gia iliyogoma: ichunguze kabla hujanunua nyingine

Liva ya gia ikigoma, watu wengi huamua palepale kwamba imekufa: itolewe, inunuliwe nyingine. Mimi ni fundi wa baiskeli, na inaniuma kuona liva nzima ikitupwa kwa sababu tu ya grisi iliyokauka au waya ulioshika kutu. Zinazofika mezani kwangu zikiwa zimevunjika kweli huko ndani ni chache. Kwa hiyo usianze kwa kufungua kitu. Anza kwa kujua ugonjwa uko wapi: kwenye liva yenyewe, kwenye waya, au kule nyuma kwenye diraila, ule mkono wenye springi unaohamisha mnyororo kutoka spoketi moja hadi nyingine.

Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli kwa mkono, ndipo ubadilishe gia. Gia za diraila hubadilika mnyororo ukiwa unakwenda. Ukibonyeza liva baiskeli ikiwa imesimama, utaiona nzito hata kama haina kosa lolote, tena unaweza kuharibu kilichokuwa kizima.

Sasa sikiliza kidole gumba. Liva ikienda na kurudi bila kulia wala kushika, tatizo karibu kila mara ni grisi kavu ndani yake. Ikilia lakini ni nzito, shuku waya. Ikipandisha gia vizuri ila mnyororo unachelewa kushuka, hapo pia waya unakwama ndani ya ganda lake, au diraila imejaa uchafu. Na ikiwa asubuhi ya baridi inagoma, jua likipanda inakubali, basi ni grisi.

Kipimo cha uhakika ni kutenganisha liva na vingine vyote. Shusha gia mpaka waya ulegee kabisa. Kwa baiskeli nyingi hapo mnyororo unakuwa kwenye spoketi ndogo kuliko zote. Legeza bolti inayobana waya kwenye diraila, ambayo kwa kawaida hufunguliwa kwa spana ya pembe sita ya milimita 5. Shika ncha ya waya kwa plaisi, uivute ikaze, kisha bonyeza liva hatua kwa hatua. Liva ya spoketi 7 inapaswa kulia mara 6. Ya spoketi 8, mara 7. Ikihesabu sawasawa kwenda na kurudi, liva haina hatia. Iache.

Ikishindwa kushika, ujue kinachoendelea ndani. Kuna gurudumu dogo lenye meno, na vijino viwili vitatu vinavyosukumwa na springi nyembamba sana. Ukibonyeza, kijino huingia kwenye jino la gurudumu na kulivuta pamoja na waya. Grisi ya kiwandani ikizeeka hugeuka ulimbo, na springi ile nyembamba haina nguvu ya kukirudisha kijino mahali pake. Kidole kinasukuma, kijino kinapita juu kwa juu, hakuna kinachovutika.

Dawa yake ni kuosha, si kufungua. Sisitizo langu liko hapo, maana springi za ndani zikiruka ni vigumu kuzirudisha. Toa kifuniko kidogo kinachoziba tundu la waya, sukuma waya utoke, kisha pulizia mafuta ya kupenyeza kutu kwenye kila upenyo unaouona. Weka kitambaa chini, na ufunike breki: mafuta yakigusa diski, pedi au rimu, baiskeli haitasimama. Subiri kidogo, halafu bonyeza liva zote mbili, ya kupandisha na ya kushusha, mfululizo, bila kuhesabu. Utaona uji wa kahawia ukichuruzika. Futa, pulizia tena, bonyeza tena. Mwanzoni hakuna jibu. Kisha kijino kimoja kinashika, kinaachia, kinashika tena, na baada ya muda mlio unarudi kila hatua. Grisi ikikataa kulainika, ipashe moto liva kwa mashine ya kukaushia nywele. Umajimaji ukitoka ukiwa safi, malizia kwa matone machache ya mafuta mepesi. Usirudishie grisi nzito, maana ndiyo iliyokuleta hapa.

Liva za kuzungusha, zile zinazokaa kwenye usukani kama sehemu ya mshikio, zina utaratibu wao. Ndani ni plastiki, kwa hiyo safisha kwa maji ya sabuni, kausha, paka grisi ya silikoni kidogo.

Upande wa waya, utoe wote na uupitishe kati ya vidole polepole, ukiwa umevaa glovu. Nyuzi hukatika zaidi pale waya unapokunja kona ndani ya liva, karibu na kile kichwa chake cha chuma, na uzi mmoja uliochomoza unatosha kuizuia liva nzima. Ukiuona, weka waya mpya, usikate uzi ule ukaendelea. Waya wa gia ni wa milimita 1.1 au 1.2, wa breki ni mnene zaidi na kichwa chake ni kingine. Angalia pia kipande cha mwisho cha ganda kinachoingia kwenye diraila, kwa sababu maji na vumbi hukusanyika hapo. Ganda la breki lisitumike kwenye gia, maana chuma chake kimezungushwa na hubonyea, wakati la gia lina nyuzi zilizonyooka zinazotunza urefu. Ukikata ganda, mdomo wake uwe bapa, na uutanue kwa msumari mwembamba.

Wakati wa kurudishia, liva iwe kwenye hatua ya mwisho ya kulegea na kirekebishi cha waya, kile kijipipa cha kuzungusha kwa vidole pale ganda linapoingia kwenye liva au diraila, kiwe kimeingizwa ndani, kisha kitolewe mzunguko mmoja. Vuta waya kwa mkono, kaza bolti. Zungusha pedeli, bonyeza hatua moja. Mnyororo ukikataa kupanda spoketi ya pili, fungua kirekebishi robo mzunguko kinyume cha saa. Ukirukia ya tatu, kizungushe kama saa inavyokwenda. Zile skrubu mbili zenye alama H na L ziache: kazi yake ni kuzuia mnyororo usitoke nje ya spoketi za mwisho. Ganda jipya hujikaza siku za mwanzo na gia zikalegea kidogo. Robo mzunguko mwingine wa kirekebishi unatosha.