Tableti ya Linux na stailasi (kalamu ya skrini): utaandika juu ya PDF na programu gani?

Watu wengi huanza kwa kuuliza ni programu gani iko na kalamu tamu. Mimi naona uulize kwanza, ule wino ukishaandika unakaa wapi, ndani ya PDF yenyewe ama kwa faili ingine pembeni? Hiyo ndio itakuamulia mengi.

Lakini kalamu kwanza. Kama unatafuta zile ThinkPad Yoga za mtumba pale Nairobi, Moi Avenue ama Luthuli, beba flashi yenye Linux na umwombe mwenye duka akuachie uiwashe hapo hapo kaunta, ndio ujue kama kalamu inashika kabla hujatuma M-Pesa. Nyingi ziko na Wacom, yaani teknolojia ya kalamu ya kampuni hiyo, na Wacom kwa Linux kawaida haina maneno. Surface za Microsoft ni story ingine, modeli nyingi zinataka kerneli (kiini cha Linux) maalum ya linux-surface ndio mguso na kalamu zifanye kazi vizuri, so kama hutaki kuhangaika na kerneli achana nazo.

Sasa, kama kazi yako ni kuandika kwa mkono sana, kusahihisha skripti, kufanya past papers, kuchorachora pembeni ya noti za lekcha, chukua Xournal++, programu ya kuandika noti kwa mkono, na usinisumbue tena. Kwa Ubuntu, Mint ama Debian ni sudo apt install xournalpp na umemaliza. Inasoma presha ya kalamu, kitufe cha kalamu unaweza kukigeuza kiwe raba, na hata inarekodi sauti ya mwalimu ukiendelea kuandika. Ingia kwa setingi upande wa skrini ya kugusa uwashe kutambua kiganja, la sivyo mkono utakuwa unasukuma ukurasa kila ukiulaza.

Shida yake ni kwamba haiandiki ndani ya PDF. Inasevu faili ya .xopp yenye wino wako, halafu inakumbuka tu PDF iko folda gani. Ukimtumia mtu ile .xopp peke yake kwa WhatsApp atapata mistari bila karatasi yake, na atafikiri wewe ndio umeharibu kitu. Kwa hivyo PDF na .xopp zikae folda moja, usizitenganishe, na ukimaliza ekspoti PDF mpya ndio utume hiyo. Usifute .xopp hata kama umeshaekspoti, kwa sababu kwenye ile PDF mpya wino umeshakuwa sehemu ya ukurasa na kuuhariri ni balaa.

Hapo ndio Okular, programu ya kusoma PDF, inaingia. Kama supavaisa wako anataka komenti za kubofya na hailaiti anazoweza kuona kwa Adobe yake ya Windows, Okular inazisevu ndani ya PDF kama anoteshoni za kawaida. Kuandika aya nzima kwa mkono nayo lakini, hapana, utachoka.

Rnote, programu ingine ya kuandika kwa mkono, inapendeza macho, karatasi haina mwisho, poa sana kwa hesabu na michoro. PDF inaingiza pia, lakini inasevu kwa faili ya .rnote, na kitabu cha kurasa mia tano sitakiweka humo. Ukiitoa Flathub (duka la programu za Linux mtandaoni) jua kuna mzigo mwingine unashuka nayo mara ya kwanza, so ngoja WiFi ya chuo, usichome bando.

Na kama ni fomu moja tu unataka kusaini? Usiinstoli kitu. Firefox tangu toleo la 106 la 2022 inakubali kuandika na kuchora juu ya PDF.

Kabla hujahamishia noti za semista nzima, jaribu na PDF ya kurasa mbili: andika, sevu ama ekspoti, jitumie kwa simu, fungua. Kama wino hauonekani pale kwa simu, hata mwalimu hatauona.