Mbwa wako huanguka kifafa? Panga haya kabla hajaanguka tena

Kifafa cha mbwa hakipigi hodi. Mara nyingi humkuta amelala au ndiyo kwanza anaamka, usiku wa manane au alfajiri, saa ambazo Mbeya yote imejifunika blanketi na daktari wa mifugo kazima simu. Ukingoja aanguke ndipo uanze kuulizia nini kifanyike, umeshachelewa.

Anza na mnyororo. Mbwa anayeanguka hafungwi mnyororo shingoni, akijirusha unaweza kumnyonga. Mjengee banda lenye mlango, na banda lisiwe jirani na karo lililo wazi wala mtaro. Juni na Julai, tunapoingiza jiko la mkaa ndani kwa ajili ya baridi, asilale chumba chenye jiko. Wewe mwenyewe pia usilale nalo, lakini hilo tuliache.

Uwe na namba za madaktari wawili. Wengi wa huku kwetu kazi yao ni ng'ombe na kuku, na mchana unaweza kuwakosa kwa kuwa wako vijijini. Muulize mapema: mbwa unatibu? Diazepamu ya kukatiza kifafa unayo? Nikikupigia saa nane usiku utapokea? Tafuta pia mwenye bajaji anayekubali kupakia mbwa. Wapo wanaokataa kabisa, na hutaki kulijua hilo ukiwa umembeba mikononi.

Akianguka, tazama saa. Kifafa cha kawaida huisha ndani ya dakika 1 au 2, hata kama wewe utaapa ni nusu saa. Kikipita dakika 5, au kikaja cha pili kabla hajapata fahamu, au akaanguka zaidi ya mara mbili ndani ya saa 24, hiyo ni dharura, mpakie mwende. Kama kuna mtu wa pili, arekodi video. Daktari ataelewa mengi zaidi kwenye video hiyo kuliko kwenye maelezo yako ya kuhema.

Mkono usiingie mdomoni mwake. Mbwa hamezi ulimi, ila vidole vyako anaweza kuviondoa bila kukusudia. Usimnyweshe maziwa, mafuta ya kula, yai bichi wala maji ya mkaa, kwa sababu asiye na fahamu hamezi, vyote vinaingia kwenye mapafu. Usimkate sikio eti damu mbaya itoke. Sogeza viti, zima redio, toa watoto. Kikiwa kirefu mwili huchemka, basi mloweshe tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida, kisha umkaushe vizuri, maana baridi ya huku nayo haina huruma.

Kikiisha bado hajawa yeye. Anaweza asione, agonge ukuta, ale kama hajala wiki nzima, au akungurumie wewe uliyemlea. Hali hiyo hudumu dakika kadhaa, wakati mwingine hata siku nzima. Na ni katika kipindi hicho mbwa wengi wa kifafa wanauawa.

Ndiyo maana nasema kadi ya chanjo ya kichaa ni dawa kuliko vidonge. Huku Uyole, mtaa wa pili kutoka ninapokaa, kulikuwa na jemani shepadi mpole ambaye hata wauza maziwa walimpita bila wasiwasi. Alianza kuanguka akiwa kijana. Mama mwenye mbwa alishazoea: anamfungia, anangoja, mbwa anarudi akili zake. Asubuhi moja akaanguka uani wakati geti liko wazi, vijana wanaingiza magunia ya viazi. Alipoinuka akatoka barabarani anayumba, povu limechanganyika na damu kwa sababu alijing'ata ulimi, macho yako wazi lakini hayaoni. Mtoto wa shule aliyemfahamu akamshika kichwa ambembeleze, mate yakamjaa mkononi, na mkono wenyewe ulikuwa na mchubuko wa jana yake. Mtu akapaza sauti: "Kichaa hicho!"

Neno hilo likishatamkwa hakuna kikao. Yalikuja mawe, ukaja mpini wa jembe.

Mama akatoka mbio. "Jamani mwacheni, ana kifafa huyo, amechanjwa!"

Mzee mmoja akamjibu kwa upole tu, "Mama, kama kachanjwa tuoneshe kadi."

Kadi ilikuwa kwenye mkoba wa mumewe, na mumewe alikuwa Tunduma kwenye shughuli zake. Nani angengoja mtu arudi kutoka Tunduma?

Wapenda mbwa wenzangu huwa hawapendi nikisema siwalaumu sana wale watu. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na zipo familia zilizozika watoto kwa ugonjwa huo. Mwenye wajibu wa kuthibitisha ni mwenye mbwa. Kilichonikera ni kilichofuata. Mzoga ulichomwa moto kabla ofisa mifugo hajafika. Kichaa huthibitishwa maabara kwa kupima ubongo, na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, ana kituo Iringa, lakini ubongo ulishakuwa majivu. Mbwa angefungiwa akiwa hai na kubaki mzima kwa siku 10, daktari angeweza kumsimamishia mtoto sindano za kinga ya kichaa. Sasa ikabidi azianze na azimalize zote. Kadi ililetwa jioni ndani ya mfuko wa plastiki, muhuri wake haujatimiza hata mwaka.

Kwa hiyo ipige picha, iwe kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba, na yenyewe ibandike ndani ya mlango wa kabati, siyo kwenye mkoba wa mtu anayesafiri. Chanjo huanza mbwa akiwa na miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Sikilizia matangazo ya halmashauri kuelekea 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa sababu ndipo kampeni za chanjo hufanyika mara nyingi. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa majirani wa pande zote na kwa mama wa genge, uwaoneshe video ya mbwa akiwa ameanguka na nyingine akiwa amekaa vizuri. Utaonekana mtu wa ajabu. Vumilia. Na geti lifungwe.

Uwaeleze na tofauti. Wa kifafa huanguka, huchanganyikiwa, kisha hurudi mzima hadi siku nyingine. Wa kichaa harudi: kila siku anaharibika zaidi, taya linalegea, sauti inabadilika, anauma hata vitu, na kwa kawaida hamalizi siku 10. Mbwa ambaye hajachanjwa akaanguka kwa mara ya kwanza usimfanyie ujasiri. Mfungie bila kumgusa, piga simu. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, siyo kesho.

Dawa. Inayotumika sana ni fenobabitoni, ile ile ya binadamu, na kwa kawaida daktari huianzisha mbwa akianguka mara mbili au zaidi ndani ya miezi 6, au vifafa vikiwa virefu au vya mfululizo. Hutolewa kila baada ya saa 12. Wiki za mwanzo atayumba, atakunywa maji mengi na kula sana, usishtuke. Usichote kwenye dawa za bibi, kipimo hutokana na uzito na huuzwa kwa cheti. Usiikatishe ghafla kwa kuwa ameonekana kupona, kukatisha kwenyewe kunaleta kifafa kibaya kuliko cha kwanza. Hesabu vidonge kabla ya sikukuu, agiza vingine vikiwa bado vya wiki mbili.

Na siyo kila kuanguka ni kifafa cha kuzaliwa nacho. Hicho kwa kawaida hujitokeza kati ya miezi 6 na miaka 6. Nje ya hapo mwambie daktari atafute kingine. Kwetu cha kwanza kushuku ni dawa za kupulizia viazi na za kuogeshea ng'ombe. Pampu ikioshwa uani, mbwa akanywa yale maji, atatoa mate, atatetemeka na kuanguka. Beba chupa ya dawa uende nayo kwa daktari. Mahindi yenye ukungu tunayoyatenga "ya mbwa" yana sumukuvu, inayoharibu ini, na ini likishindwa kazi mbwa anaweza kuanza kuanguka. Vidonge vya TB vinaweza kumuua kwa degedege, viwekwe juu. Jike anayenyonyesha akianza kukakamaa, huenda ameishiwa kalsiamu, hilo ni la kukimbilia. Kitoto cha mbwa kisichokula kinaweza kuishiwa sukari, kipake asali kidogo kwenye fizi kikishazinduka, kisha kwa daktari.

Usimzalishe mbwa wa kifafa hata kama wateja wa watoto wake wamepanga foleni. Dawa ya kupe soma kibandiko kwanza, ya ng'ombe siyo ya mbwa. Mabaki ya jalalani asiyaguse. Wageni wasimpe chokoleti. Ukisafiri, anayebaki na mbwa mwachie vidonge, kadi, namba za madaktari, na umwambie geti analifunga yeye mwenyewe, asimtume mtoto.