Namna ya kufundisha mapinduzi ya Lima, 1872, kwa kipindi kimoja

Mwalimu mwenzangu, usianze na tarehe. Anza na ndugu wanne, watoto wa familia moja, wote makanali: Tomás, Silvestre, Marceliano na Marcelino Gutiérrez. Wachore ubaoni kwa mstari mmoja, kisha useme kuwa Tomás ndiye alikuwa Waziri wa Vita wa Peru. Hapo hata wa dawati la nyuma watainua vichwa.

Sababu ifupishe. Manuel Pardo, raia asiye na magwanda, alikuwa ameshinda urais, na Tomás hakutaka kusikia hilo. Tarehe 22 Julai Rais José Balta akakamatwa, Tomás akajitangaza mkuu wa nchi.

Sasa waulize: nani alikuwa bado hajatii? Waache wabishane kidogo. Ni wanamaji, Miguel Grau akiwamo. Waligoma, na Pardo akapata hifadhi melini. Mimi hapa ndipo hutumia dakika nyingi, maana wanafunzi hudhani ukishika ikulu umemaliza kazi.

Tarehe 26 simulia kwa mfuatano, usiruke: Silvestre anauawa kwenye stesheni ya reli, Balta anapigwa risasi kizuizini, umati unamkuta Tomás amejificha katika duka la dawa. Maiti za Tomás na Silvestre zilitundikwa kwenye minara ya kanisa kuu. Kwa darasa la watoto wadogo, hili lipite haraka.

Marcelino peke yake ndiye aliyenusurika. Pardo aliapishwa tarehe 2 Agosti.