Kuvua ngisi kwa kamba wa bandia, kaskazi ikiondoka na masika yakiingia

Kuanzia Machi upepo wa kaskazi hulegea, na kabla ya ule wa kusi kushika, maji ya upande wa magharibi wa Pemba hayaaminiki. Leo unaona majani ya chini waziwazi, kesho kutwa mvua imeshusha tope hadi nje ya hori ya Chake Chake na ngisi hawaonekani. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha rangi ya kamba wa bandia. Rangi iwe ya mwisho. Anza na kina, kisha mwendo wa kuzama, maana ngisi hushika kamba anaposhuka, si anapovutwa.

Kwa mita 3 hadi 5 za maji chukua kamba namba 3, wa gramu 15 hivi. Zaidi ya hapo namba 3.5, gramu 20. Mshipi wa nailoni wa milimita 0.30 unatosha, mita 50, usiwe na chubwi (risasi ya kuzamisha) juu yake. Funga kitanzi kilicho wazi puani mwa kamba ili acheze. Fundo lililobana humfanya mkaidi. Kabla ya kutoka, mzamishe penye maji maangavu: ashuke pua chini, mkia juu, amelala mshazari. Akienda ubavu, risasi ya tumboni imepinda. Inyooshe.

Kazi yenyewe ni kuhesabu. Namba 3.5 wa kawaida huzama mita moja kwa sekunde 3 hadi 3.5, kwa hiyo penye mita 6 atagusa chini kati ya sekunde 18 na 21. Mshipi ukilegea, amefika. Vuta mkono mara mbili kwa nguvu, kisha mwachie ashuke tena huku mshipi umeushika kwa vidole viwili, haujakaza wala haujalegea. Ukisimama kabla ya hesabu kutimia, au ukienda pembeni wenyewe, ameshashikwa. Usikurupuke: sindano za taji, zile zilizozunguka mkia wa kamba, hazina kijino, na mnyiri wa ngisi huchanika upesi. Vuta mfululizo, bila kumpa nafasi hata kidogo.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayokwambia maji yamebadilika. Ikifika 30 na mshipi umelala mshazari, mkondo unambeba kamba juu juu. Zungushia puani kipande cha risasi cha gramu 2, au ngoja maji yasimame. Risasi nyingi kuliko hapo humshusha kama jiwe, na ngisi hamfuati.

Sasa tope. Maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi, na ngisi hayapendi. Koroga kwa kasia: yakipanda maji maangavu kutoka chini, tabaka ni jembamba, basi vulia hapo hapo karibu na chini na usipoteze muda katikati. Yakipanda ya rangi ya chai tu, hama. Toka kwenye mdomo wa hori, tafuta majani yaliyo karibu na mwamba ambako maji ya bahari hufika kwanza. (Kisiwa cha Misali kina sehemu iliyofungwa kwa uvuvi, ijue mipaka yake kabla ya kushusha mshipi.)

Angalia na mwezi. Kwetu bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na jioni vivyo hivyo. Maana yake jua likizama siku za bamvua maji yanatoka kwa kasi, na tope la hori linatoka nayo, saa ile ile ambayo ngisi huanza kula. Baada ya mvua kubwa jioni hiyo haina faida. Wakati wa maji mafu, yaani maji madogo ya nusu mwezi, jua huzama maji yameanza kujaa, na maji safi yanaingia. Hizo ndizo jioni za kutoka.

Rangi: maji maangavu mchana, kahawia au kijani; maji machafu, chungwa au waridi; usiku, tumbo jekundu. Basi.

Akifika juu, usimtangulizie wavu kichwani. Ngisi hukimbia kinyumenyume, kwa hiyo wavu uwe nyuma ya mwili wake, naye atajirusha ndani mwenyewe. Mwache ateme wino angali majini, mrija wake wa kutemea umeelekea nje ya chombo. Mchome kati ya macho kwa kitu chenye ncha. Rangi ya ngozi ikibadilika ghafla kuwa nyeupe, umepata penyewe. Mtie kwenye mfuko mkavu kisha ndipo juu ya barafu. Barafu ikiyeyuka na maji yake yakamgusa, nyama hugeuka nyeupe kama chaki na kulegea, na mnunuzi atakushusha bei.