Kutayarisha Tamthilia Fupi Yenye Mdhamini: Kuanzia Mkataba hadi Makabidhiano

Mwezi uliopita nilikaa siku nne mezani na kijana mmoja wa Magomeni aliyekuwa amepata mdhamini wake wa kwanza, kampuni ya mafuta ya kupikia, kwa ajili ya tamthilia ya vipindi 6 vya dakika 12 kila kimoja. Kupiga picha alijua, kuhariri alijua, na waigizaji wazuri alikuwa nao. Kilichomtatiza ni kazi ya mtayarishaji yenyewe, kwa sababu wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mtayarishaji ni mwenye fedha au mwenye kamera. Mtayarishaji ni yule anayeweza kusimama mbele ya mdhamini, kituo cha televisheni au hata mahakama, akatoa karatasi ya kila kinachoonekana na kila kinachosikika katika kazi yake. Hatua zinazofuata ndizo tulizozipitia pamoja. Nimeacha mambo ya kamera na taa, kwa kuwa walimu wake ni wengi.

Hatua ya 1: Itenge hadithi na bidhaa

Andika hadithi yako kwa sentensi moja bila kuitaja bidhaa ya mdhamini. Sentensi hiyo isiposimama, unachotengeneza ni tangazo refu, na matangazo yana bei zake na mafundi wake. Mfano ninaoutumia kila mara ni mchezo wa redio Twende na Wakati, ambao Redio Tanzania ilianza kuurusha mwaka 1993 ukibeba ujumbe wa uzazi wa mpango na UKIMWI. Wasikilizaji hawakuhutubiwa, walimfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, mpaka maradhi yakamfika. Katika tamthilia ya kijana wetu tulikubaliana kwamba mhusika mkuu awe mama lishe anayedaiwa kodi ya kibanda. Chupa ya mafuta ipo mezani pake kwa sababu anapika, na hakuna mtu anayeinyanyua na kuisifia.

Hatua ya 2: Mkataba na mdhamini

Mkataba utaje mtu mmoja, kwa cheo chake, mwenye mamlaka ya kuidhinisha kazi. Kampuni ikikuletea kamati, kila mjumbe atakuwa na shangazi yake ambaye hakulipenda gauni la mhusika. Utaje pia kwamba marekebisho ni awamu mbili kwa kila kipindi, na kwamba awamu ya tatu inalipiwa. Idhini itolewe kwa barua pepe. Sikubali idhini ya ujumbe wa sauti wa WhatsApp hata ikitoka kwa mkurugenzi, maana miezi miwili baadaye simu hubadilishwa na ujumbe hupotea.

Umiliki uandikwe bila kificho. Ninachopendelea ni mtayarishaji kubaki na umiliki wa kazi, na mdhamini kupewa haki ya kuitumia kwa muda unaotajwa na katika vyombo vinavyotajwa. Mdhamini akitaka kuimiliki kazi yote anaweza, lakini bei iwe nyingine.

Malipo huyagawa hivi: asilimia 50 kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, asilimia 30 siku ya mwisho ya kupiga, na asilimia 20 wakati wa makabidhiano. Unapotaja bei, kumbuka kwamba kwa Tanzania Bara mlipaji hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada ya huduma, na kwamba ikiwa umesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), asilimia 18 inaongezwa juu ya bei yako. Kijana wetu alikuwa ameandika jumla moja tu bila kufafanua, na mdhamini aliisoma kama bei ambayo kodi zote zimo ndani yake.

Hatua ya 3: Uchambuzi wa muswada na bajeti

Uchambue muswada tukio kwa tukio ukiorodhesha watu, mavazi, vifaa, vyakula na magari, kisha ujumlishe. Excel inatosha, sioni haja ya kulipia programu kila mwezi kwa kazi ya vipindi 6. Tenga asilimia 10 ya dharura na usiiguse kabla ya siku ya kwanza ya kupiga.

Hatua ya 4: Vibali na mahali pa kupigia

Kwa Tanzania Bara kibali cha kutengeneza filamu hutoka Bodi ya Filamu Tanzania, na Zanzibar ina chombo chake, Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, hivyo karatasi ya Dar es Salaam haikufungulii milango ya Unguja. Droni inahitaji ruhusa ya peke yake. Hata ukiwa na vibali vyote, pita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla ya kushusha kamera.

Unapokagua mahali, tazama kuta. Vibanda vingi vya mitaani vimepakwa rangi za kampuni ya simu au ya soda, na baadhi ya vibanda vya mama lishe vina turubai lenye jina la mafuta ya mshindani wa mdhamini wako. Kijana wetu alikuwa ameshalipia kibanda cha namna hiyo siku tatu mbele. Tulitafuta mikeka miwili na kanga za kutundika, lakini ingekuwa nafuu kuligundua jambo hilo kabla.

Hatua ya 5: Muziki

Hatua hii nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyoniumiza kuliko nyingine zote.

Miaka kadhaa iliyopita nilitayarisha filamu ya televisheni yenye tukio la harusi, tukalipiga Bagamoyo. Mwongozaji alitaka watu wacheze kwa moyo, akawasha spika, na wimbo wa taarabu unaojulikana na kila mtu ukapigwa mfululizo huku bibi harusi na shangazi yake wakizungumza mlangoni. Lilikuwa tukio zuri mno. Kituo kilipotaka karatasi za wimbo, mimi nilikuwa na ruhusa ya mwimbaji peke yake, aliyoitoa kwa moyo mweupe mbele ya kikombe cha kahawa. Ruhusa hiyo haikuwa yake kuitoa. Mashairi yalikuwa ya mtu mwingine aliyekwisha kufariki, warithi wake wanne walikuwa wametawanyika Tanga, Unguja na Muscat, na rekodi ilikuwa mali ya kikundi. Watatu niliwapata. Wa nne sikumpata.

Nikasema basi, wimbo tuutoe. Haukutoka. Ulikuwa umeingia kwenye maiki ileile iliyonasa mazungumzo, na hakuna fundi aliyeweza kuchomoa ngoma bila kuchomoa na sauti ya shangazi. Tulikodi studio, tukawaita waigizaji warudie maneno yao wakitazama midomo yao kwenye skrini. Dakika 4 za mazungumzo zilitutafuna siku 3 nzima, na bado ukitazama kwa makini utaona neno "mwanangu" linafika masikioni kabla mdomo haujafunguka.

Kwa hiyo fahamu kwanza kwamba kila wimbo una haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodia, na kuna haki ya rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio siku fulani. Wenye haki hizo wanaweza kuwa watu wawili wasiosalimiana. Unahitaji saini za pande zote mbili, na mwimbaji anaweza asiwe upande wowote. Kwa Tanzania Bara mambo haya yako chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza nani ni nani.

Usijidanganye kwamba wimbo wa zamani hauna mwenyewe. Utunzi hulindwa kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Chukua mfano wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, ambaye alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake za Kiswahili na kufariki mwaka 1950. Mtu atapiga hesabu haraka aseme kwamba nyimbo zake ziko huru. Hesabu hiyo ina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba kuimba wimbo si kuutunga, na kundi lake lilikuwa na watunzi wengine, kwa hiyo miaka 50 huhesabiwa kuanzia kifo cha mtunzi halisi wa wimbo huo. Wa pili ni kwamba rekodi unayoipenda huenda si ya Siti. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliziimba nyingi kati ya nyimbo hizo, na rekodi za Bi Kidude zina wenyewe walio hai. Ukitaka kuutumia wimbo wa namna hiyo, uchunguze utunzi wake mpaka uridhike, kisha uwalipe wanamuziki wako waupige upya.

Makubaliano ya maandishi yataje mambo manne: wimbo unatumika kwa sekunde ngapi na katika tukio gani, katika vyombo gani, katika nchi zipi, na kwa muda gani. Usikubali maneno "Tanzania pekee" ikiwa kazi itawekwa YouTube, maana mjukuu wa mtunzi aliyeko Muscat au Toronto ataiona usiku uleule. Muda nao ulingane na muda uliompa mdhamini. Wimbo wa mwaka mmoja ndani ya tamthilia ya miaka mitatu ni deni linalosubiri tarehe.

Biti za studio, yaani midundo iliyotengenezwa tayari, zina hatari yake. Kijana wetu alikuwa amenunua biti kwa produsa wa Sinza na ana risiti. Nilimwomba ampigie simu amuulize swali moja: je, kuna kipande chochote ulichochukua kwenye wimbo wa mtu au ulichokipakua? Kilikuwepo, kipande cha filimbi cha sekunde tano. Produsa hakuwa na nia mbaya, ila hakuwahi kuulizwa. Mkataba wa biti uwe na tamko lililosainiwa kwamba hakuna sampuli, yaani kipande cha rekodi ya mtu mwingine, au uwe na orodha ya sampuli zote na ruhusa zake.

Kwa maoni yangu njia bora, hasa kwa bajeti ndogo, ni kumwajiri mtunzi akutungie. Wapigaji wa ala za taarabu, yaani mpiga fidla, mpiga kanuni (ala ya nyuzi) na mpiga dumbaki (ngoma ndogo), wakikaa studio siku moja watakupa muziki wa vipindi 6, wenye harufu ya mahali pako, kwa fedha pungufu ya ile utakayoombwa kwa wimbo mmoja maarufu. Hakikisha tu mtunzi na wapigaji wote wamesaini kabla hawajaondoka studio, na nauli uwape baada ya saini.

Sasa lile la siku ya kupiga. Katika tukio lenye muziki na mazungumzo, muziki usilie wakati watu wanazungumza, hata kwa sauti ya chini, hata mwongozaji akikasirika. Upige kwa sekunde 20 ili wachezaji washike mwendo, uuzime, wao waendelee kucheza kimyakimya, ndipo mazungumzo yaanze. Wavue viatu na utandike mikeka chini, maana visigino kwenye sakafu ya saruji vinasikika kama mvua ya mawe. Wanaopiga makofi wasigusanishe viganja. Waigizaji waseme kwa nguvu, kama watu walio kwenye kelele za harusi, la sivyo muziki ukiongezwa baadaye wataonekana wananong'ona kwenye soko. Mwisho wa tukio wote wanyamaze sekunde 60 ili fundi wa sauti arekodi ukimya wa mahali hapo. Mhariri ataushukuru ukimya huo.

Muziki wa jirani nao ni muziki. Bajaji ikipita na Bongo Fleva ndani ya sentensi ya mhusika, rudia mara hiyohiyo. Redio ya duka la ng'ambo iombwe na kijana mwenye adabu, asubuhi, kabla ya kazi kuanza, na aseme itazimwa saa ngapi mpaka saa ngapi. Nyakati za adhana ziandikwe kwenye ratiba ya siku kama zinavyoandikwa nyakati za chakula. Kazi isimame mpaka adhana iishe: ndiyo heshima, na ndivyo picha zitakavyoungana bila adhana kukatika katikati.

Hatua ya 6: Kupiga picha

Pigeni kwa fremu 25 kwa sekunde na rekodini sauti kwa 48 kHz, kila kifaa, bila kubahatisha. Simu isitumike kama kamera ya pili kabla ya kuhakikisha inashika kasi moja ya fremu. Nyingi huibadilisha zenyewe, na sauti huanza kuachana na midomo polepole kiasi kwamba mhariri huona kosa dakika ya nane.

Hatua ya 7: Makabidhiano

Andaa diski mbili zinazofanana, moja ya mdhamini na moja yako, na nakala ya tatu iwe mahali pengine kabisa. Kila kipindi kiwe na video safi isiyo na maandishi, video yenye manukuu, na sauti katika faili tatu: mazungumzo peke yake, muziki peke yake, na milio mingine peke yake. Kituo kinachofuata EBU R128, kiwango cha watangazaji wa Ulaya cha ukubwa wa sauti, kitataka sauti iwe −23 LUFS (LUFS ni kipimo cha ukubwa huo). Uliza kabla ya kuchanganya, kwa kuwa mtandaoni watu hutumia viwango vya juu zaidi.

Ndani ya diski weka folda moja ya karatasi: mkataba, vibali, saini za waigizaji pamoja na waigizaji wa ziada, ruhusa za wenye nyumba na vibanda, na orodha ya muziki inayotaja kila kipande, mtunzi wake, mwenye rekodi, na dakika na sekunde kinapoanza na kuishia. Mikataba ya waigizaji iwe ya Kiswahili, wakaisome nyumbani kabla ya kusaini. Folda ya kijana wetu ilikuwa na karatasi 41. Mpe mpokeaji asaini kwamba amepokea vyote, uandike tarehe na saa, na ankara ya ile asilimia 20 iwe mkononi mwako siku hiyohiyo, kabla hajainuka kitini.