Jinsi ya kuchagua skopu nzuri ya bunduki kwa bajeti ya kati

Mtu akitaka kununua skopu swali la kwanza huwa ni moja tu, inavuta mpaka ngapi? Na hapo ndo hela inaanza kupotea. Skopu ya bajeti ya kati ina uwezo wa kufanya mambo machache vizuri, kioo safi, marekebisho yanayobaki pale ulipoyaacha, mwili usioingiza maji, basi. Ukitaka ivute mara 24 na iwe na taa ya rangi mbili na leza pembeni kwa bei ileile, aliyeitengeneza lazima abane matumizi mahali fulani, na atabania ndani ambako wewe huoni.

Ya kwanza kabisa niliyonunua mimi ilikuwa 6-24x50. Nimeijaribu mchana, jua kali, naona mpaka kutu ya bati la nyumba ya mbali, nikasema hii hii. Siku nimeenda nayo kuwinda ikafika jioni, mnyama kasimama pembeni ya kichaka kama mita mia hivi, kwa macho yangu namuona vizuri kabisa, nikiweka jicho kwenye skopu naona giza la kijivu, sikuweza kutofautisha bega na majani. Nikashusha bunduki, huwezi kupiga kitu usichokiona. Afu baadae ikaanza na kuhama ziro (pale ulipoiseti risasi ipige), leo inapiga katikati, kesho risasi zinaenda kushoto na hakuna aliyeigusa. Nimeshika skopu nyingi tangu hapo, na haya ndo naangalia sasa.

Tuanze na zile namba. Ukiona 3-9x40 maana yake inakuza kuanzia mara 3 mpaka mara 9, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 40. Sasa chukua 40 gawanya kwa ukuzaji uliopo, unapata upana wa mwanga unaotoka kuja kwenye jicho lako. Kwenye 4 unapata milimita 10, kwenye 9 unapata 4.4 hivi. Mboni ya kijana gizani inafunguka karibu milimita 7, ya mtu mzima wa umri inaweza kuishia 5, kwahiyo skopu ikikuletea milimita 2 kama ile yangu ikiwa kwenye 24, jicho linakaa na njaa ya mwanga hata kioo kiwe kizuri vipi. Hii unaweza kuiona mwenyewe, ishike skopu mbali na uso kwa urefu wa mkono, ielekeze kwenye ukuta mweupe, utaona kiduara cha mwanga kwenye lenzi ya nyuma, zungusha zuum na utakiona kinanenepa na kukonda. Muuzaji anayekuambia kioo cha mbele kikubwa kinatosha peke yake hajakuambia yote, maana lenzi ya 50 inakulazimisha kufunga skopu juu zaidi, shavu linaacha kugusa kitako na unalenga kichwa kikiwa kinaelea. Kwa matumizi ya kawaida mpaka mita 200 au 300, hiyo 3-9x40 au 2-7 inatosha kabisa, na kama hela ni ndogo zaidi usidharau ile ya ukuzaji mmoja kama 4x32 au 6x42, ina vitu vichache vya kuharibika na kwa bei ileile mara nyingi unapewa kioo bora.

Kioo chenyewe. Uso wa lenzi usiopakwa kitu unarudisha nyuma kama asilimia 4 ya mwanga, inaonekana ndogo lakini ndani ya skopu kuna lenzi kadhaa na kila lenzi ina nyuso mbili, nyuso kumi tu zikiwa tupu theluthi ya mwanga imeshapotea njiani. Ndo maana lenzi zinapakwa, kazi iliyoanzia kampuni ya Zeiss ya Ujerumani mwaka 1935, na leo upakaji mzuri unashusha ule upotevu chini ya nusu asilimia kwa kila uso. Kwenye boksi wanacheza na maneno sana, wengine wanasema tu lenzi imepakwa, ikimaanisha labda uso mmoja umepakwa mara moja, wewe unatafuta panaposema nyuso ZOTE zimepakwa tabaka NYINGI. Pungufu ya hapo mimi siitaki kwa bajeti ya kati, maana zipo nyingi tu zenye hiyo sifa.

Ila usiishie kusoma boksi. Skopu ikiwa haijafungwa kwenye bunduki (na kamwe usitumie skopu iliyofungwa kwenye bunduki kuangalia watu au vitu vya kuchungulia tu, mtutu unafuata jicho lako) nenda nayo nje jua likiwa linazama, weka mbili pembeni zote kwenye ukuzaji uleule, tuseme 6, angalia sehemu yenye kivuli chini ya mti. Moja utaona shina na majani makavu chini, nyingine utaona weusi tu. Angalia tawi jembamba lenye anga nyuma yake, likiwa na mpaka wa zambarau mnene hicho kioo ni cha bei rahisi. Angalia pembezoni mwa picha pia, katikati kila skopu iko safi, pembeni ndo inajulikana.

Wakati bado unaangalia, pima na umbali wa jicho. Kwa bunduki yenye teke unataka picha ikae kamili jicho likiwa sentimita 9 mpaka 10 nyuma ya lenzi, na usipime kwenye zuum ya chini peke yake, ipeleke juu kabisa maana nyingi umbali unapungua huko. Rafiki yangu mmoja alifunga skopu ya jicho karibu kwenye bunduki ya .30-06, risasi ya pili tu ikamchana juu ya nyusi, kidonda cha mwezi mzima na bado alama ipo, na kibaya zaidi akaanza kufumba macho kila akivuta kifyatulio, hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko kidonda kupona.

Sasa kliki, zile za kuzungusha kwenda juu chini na kulia kushoto. Zipo za MOA na zipo za mil, vipimo viwili tofauti vya pembe. Kliki ya robo MOA inahamisha risasi kama milimita 7 kwa mita 100, ya 0.1 mil inahamisha sentimita 1 kwa umbali huohuo, chagua unayoweza kuipigia hesabu kichwani, ila hakikisha alama za kwenye msalaba (ile mistari ya kulengea unayoiona ndani ya skopu) na kliki ni za mfumo mmoja, bado kuna skopu zinauzwa msalaba wa mil na kliki za MOA na zinachanganya sana. Unachotaka ni kliki inayosikika na kushikika kidoleni, isiyo laini kama uji. Na ukishainunua ijaribu hivi, piga risasi tatu, panda kliki 20, piga tatu, nenda kulia 20, piga tatu, shuka 20, tatu, rudi kushoto 20, tatu. Inatakiwa ikuchoree mraba na yale matatu ya mwisho yaangukie juu ya yale ya kwanza. Isiporudi nyumbani rudisha ndani ya muda wa waranti, usijipe moyo kwamba itazoea.

Kuna mjadala mrefu wa msalaba unaokua pamoja na zuum na ule unaobaki saizi moja. Kwa bajeti ya kati nenda na unaobaki saizi moja, ule mwingine kwenye ukuzaji wa chini unakuwa mwembamba kama uzi na jioni hauuoni, na ili utengenezwe vizuri unataka hela nyingi. Kumbuka tu kwamba kwenye unaobaki saizi moja, zile alama ndogo za umbali zinakuwa sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu kabisa.

Paralaksi nayo, weka bunduki imara kwenye mifuko ya mchanga, usiiguse, tikisa kichwa kidogo ukiangalia ndani, ukiona msalaba unatembea juu ya shabaha ndo yenyewe. Skopu nyingi za kuwindia zimesetiwa kiwandani ili isitokee kwenye yadi 100, sawa na mita 91, na kwa kuwinda haisumbui. Mwenye bunduki ya .22 atafute iliyosetiwa yadi 50, na wa bunduki ya hewa achukue yenye kurekebishika kushuka mpaka mita 10. Tena bunduki ya hewa ya springi ina mambo yake, inapiga teke nyuma halafu inajirusha mbele, na hiyo ya mbele inavunja skopu za bunduki kubwa zilizojengwa kuhimili upande mmoja tu, kwahiyo lazima mtengenezaji aandike wazi kwamba inafaa kwa springi.

Mwili uwe umejazwa naitrojeni au argoni ili usipate ukungu ndani ukitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto. Mrija wa inchi moja unatosha, ule wa milimita 30 kazi yake kubwa ni kukupa nafasi zaidi ya kuzungusha kliki, sio kuongeza mwanga kama wanavyosema.

Majina utakayokutana nayo sana kwa kiwango hiki ni Leupold VX-Freedom, Vortex Crossfire II na Burris Fullfield, yote ni ya kuaminika. Ukinunua iliyotumika uliza waranti inahamia kwako au ilikuwa ya mnunuzi wa kwanza tu, Vortex wao wanamhudumia yeyote aliyenayo, na Nikon waliacha kutengeneza skopu za bunduki japo zao za zamani bado zinauzwa na zina kioo kizuri. Feki zipo, jina kubwa kwa bei ya kutupa, hakiki namba ya utambulisho ya bidhaa (serial namba) kwa mtengenezaji kabla hujatoa hela.

Na tafadhali tenga hela ya ringi, zile pete zinazoshikilia skopu kwenye bunduki. Watu wanamaliza bajeti yote kwenye skopu halafu wanaifunga kwa ringi laini za bati, skurubu zinalegea, wanalaumu skopu. Jua kwanza reli yako (pale juu ya bunduki ringi zinaposhika) ni ya aina ya Picatinny, Weaver au ule mfereji wa milimita 11, nunua ringi zinazoendana, toa bolti na hakikisha chemba ni tupu ndo uanze kufunga. Skurubu za juu ya ringi kaza kidogo kidogo kwa kupokezana, kama nyuton mita 2 hivi zinatosha, ukitumia nguvu za mkono bila kipimo unaminya mrija.

Ziro anzia mita 25. Hapo kliki ya robo MOA haifiki hata milimita 2, kwahiyo ukiwa chini sentimita 4 unahitaji kama kliki 22, wengi wanageuza tano wanashangaa haijasogea. Ikishakaa hapo hamia mita 100 umalizie kwa makundi ya risasi tatu tatu, usikimbize risasi moja moja. Ukimaliza weka kistari cha rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha kila skurubu mpaka kwenye ringi, na baada ya risasi ishirini angalia kama mstari bado umenyooka.